Nilisema "chomoa waya", sikusema yaliyobaki ndani



Leo sikuleta habari ya mkutano wala ya bei ya unga wa muhogo. Nimeleta kosa langu. Nililifanya hewani, kwa sauti yangu mwenyewe, na ni haki nilisahihishe mbele ya watu walewale walionisikia. Linahusu televisheni za zamani, zile za mgongo mrefu, ambazo jirani zetu Watanzania huziita TV za chogo. Wengi hapa Kisangani bado mnazo. Vijana wanazitumia katika vyumba vya kuchezea PlayStation, na kuna familia zilizokimbia makwao ambazo chakula cha jioni kinatoka kwenye kioo hicho kimoja.

Mambo yalianza hivi. Jumamosi asubuhi tunajibu maswali ya wasikilizaji. Ilikuwa mwanzo wa mvua kubwa, na msikilizaji mmoja akatuma ujumbe: "TV yangu nikiiwasha inalia kama mafuta kwenye sufuria, na picha inatetemeka. Nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpigia rafiki mmoja anayeuza redio na simu sokoni. Akanijibu huku akirudishia wateja chenji: ni vumbi tu. Nikafungua kipaza sauti nikasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha nyuma, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha funga." Jibu zima lilikuwa fupi kuliko tangazo la msiba. Nikaweka wimbo, nikaendelea.

Siku tisa baadaye mama mmoja alinikuta mlangoni kwetu. Alikuwa amesimama muda mrefu, maana kitenge chake kilikuwa kimelowa upande mmoja tu, ule ambao paa letu halifiki. Akaniuliza:

"Mwanangu, ni wewe unayesema Jumamosi?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisema achomoe waya. Alichomoa."

Hakupaza sauti. Aliyasema kama mtu anayerudisha kitu ulichomuuzia kikiwa kimeoza. Kisha akaniomba nimfuate.

Mama huyo alikimbia na watoto wake mwaka 2023, wakati mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka upande wa Lubunga. Hakuniambia ni wa upande gani, nami sikumuuliza. Siku ya kukimbia kila mtoto aliambiwa abebe nguo zake. Mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa sasa, alibeba PlayStation 2 ndani ya mfuko wa mchele, na nguo akaziacha. Mama alimgombeza njia nzima. Lakini miezi mitatu baadaye, mtu mmoja wa mtaa alipopata televisheni mpya bapa, aliwauzia ile ya zamani ya inchi 21 kwa malipo ya kidogokidogo. Kijana akatandika turubai pembeni mwa nyumba ya shangazi yake, akaweka benchi moja, akaanza kuchezesha mpira wa PlayStation, franka 500 kwa mechi. "Kile nilichomgombezea ndicho kilichotulisha," mama alisema.

Nilimkuta kijana ameketi, mkono wa kulia umefungwa shingoni kwa kitambaa. Alinisimulia bila kinyongo. Televisheni yao nayo ilikuwa inalia. Alinisikia Jumamosi, akafurahi kwamba kazi ni rahisi. Alizima, akachomoa waya, akangoja kama dakika kumi, akafungua kifuniko. Ndani alikuta vumbi nene, jeusi, lenye mafuta, hasa chini ya kofia moja ya mpira iliyobandikwa ubavuni mwa kioo. Akaingiza kidole chenye kitambaa chini ya kofia ile apanguse.

"Sikuona kitu," aliniambia. "Nilisikia tu mkono si wangu tena."

Mkono uliruka peke yake. Kiwiko kikagonga sehemu nyembamba ya nyuma ya kioo, ikavunjika. Yeye akaanguka juu ya benchi, bega likateguka. Akasikia sauti ya *sss*, kama gurudumu la toleka lililochomwa na msumari, kisha kimya. Kituo cha afya kilirudisha bega mahali pake, na kidole kikabaki na alama ndogo nyeupe. Yeye alipona. Televisheni haikupona.

Kisha mama akanionyesha kwa mkono mahali alipokuwa amesimama mtoto wake wa mwisho wakati huo, binti wa miaka sita, akitazama kaka yake akisafisha. Ilikuwa hatua moja kutoka kwenye kioo. Sikuwa na la kusema. Niliomba msamaha, wakanipa kiti, na mama akasema jambo ambalo ndilo limenifanya niandike: "Msamaha ni wetu sisi. Lakini wengine walikusikia pia."

*

Safari hii sikupiga simu sokoni. Nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye alianza kazi ya kutengeneza redio kabla mimi sijazaliwa. Karakana yake ina upana wa kitanda, na televisheni za mgongo zimepangwa hadi dari. Nilimweleza yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Papa redio," alisema, "wewe uliuliza swali la umeme kwa mtu wa kuuza. Yeye anajua bei."

Nilikubali. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanisumbua: kijana alichomoa waya, akangoja. Umeme uliomrusha ulitoka wapi?

Akanionyesha bidoni tatu za maji zilizokuwa mlangoni. "Maji ya bomba yakikatika, bidoni hizi zinakauka?" Hapana. "Basi ukichomoa waya, umefunga bomba. Bidoni za ndani bado zimejaa."

Akafungua moja mbele yangu, akanionyesha bidoni zenyewe ziko wapi. Nawaeleza kama nilivyoelewa, kwa sababu mtu akielewa kitu kinachofanya hatari, hahitaji kukariri makatazo.

Bidoni ya kwanza ni kile kioo chenyewe. Kioo cha televisheni ya mgongo si kipande bapa. Ni chupa moja kubwa, uso wake ndio tunaotazama, na shingo yake imeelekea nyuma. Ndani ya chupa hewa imetolewa yote. Shingoni kuna kifaa kinachorusha mkondo wa umeme kuelekea usoni, na pale unapogonga, rangi inang'aa. Ili mkondo huo uvutwe kwa nguvu, chupa inalishwa umeme mkali sana kupitia ile kofia ya mpira: katika televisheni ya rangi, kati ya volti 20,000 na 30,000. Umeme wa ukutani, tunaoupata kutoka bwawa la mto Tshopo siku ukiwepo, ni volti 220. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi.

Chupa hiyo imepakwa rangi ya kupitisha umeme ndani na nje, na katikati kuna kioo kisichopitisha. Mpangilio huo ndio ule wa kifaa cha kuhifadhi umeme, kondensata. Ukizima, umeme uliojaa humo hauna njia ya kutoka haraka. Televisheni nyingine zina kifaa cha kuumwaga polepole, nyingine hazina, na katika iliyozeeka kifaa hicho huenda kimekufa. Kwa hiyo chupa inaweza kukaa na umeme wake saa nyingi, hata siku.

Bidoni ya pili ni kondensata nene kama kopo dogo la nyanya, iliyo karibu na mahali waya wa ukutani unapoingilia. Hiyo inajaa volti zipatazo 300. Nikafikiri hiyo ni ndogo, afadhali. Mzee akatikisa kichwa. Volti zake ni chache, lakini umeme iliouhifadhi ni mwingi, na ukipita kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine unaweza kusimamisha moyo. Ile ya chupa mara nyingi hukurusha. Na kukurusha ndiko kunakovunja bega, kunakopasua kioo, kunakomwangukia mtoto.

Na ile sauti ya *sss*? Kijana alidhani kuna gesi iliyotoka. Mzee akasema ni kinyume: ni hewa iliyoingia. Chupa haina kitu ndani, na hewa ya dunia nzima inaisukuma kutoka nje. Shingo ikivunjika, hewa inaingia polepole na chupa inakufa kimya. Lakini pigo kubwa likipata mwili wa chupa, hasa ya zamani, kioo kinaweza kuporomokea ndani kwa kishindo na vipande vikaruka chumba kizima. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule binti wa miaka sita.

Kuhusu vumbi, rafiki yangu wa sokoni alikuwa na nusu ya ukweli. Umeme mkali unavuta vumbi kama kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Vumbi kavu halina neno kubwa. Lakini huku kwetu, karibu na ikweta, kati ya mto na msitu, hewa ina maji mwaka mzima, na nyumba nyingi zina moshi wa makaa. Vumbi, moshi na unyevu vikichanganyika, vinakuwa tope jembamba linalopitisha umeme. Umeme unatambaa juu ya tope hilo kutoka chini ya kofia ya mpira kwenda usikotakiwa. Ule mlio wa mafuta kwenye sufuria ndio huo. Ndiyo maana ujumbe wa msikilizaji ulikuja mvua ilipoanza, wala si wakati wa jua.

*

Kabla sijaendelea, kuna wasomaji watakaouliza: kwa nini tunahangaika na vitu hivi? Si vitupwe?

Vyombo hivi vina historia ndefu. Mjerumani Ferdinand Braun alitengeneza chupa ya kwanza ya aina hii mwaka 1897. Mchezo wa Pong ulipotoka Marekani mwaka 1972, na Space Invaders ulipotoka Japani mwaka 1978, ilikuwa ni kwenye vioo hivihivi, ndani ya makabati ya mbao yanayomeza sarafu. Hadi leo huko kwao kuna watu wanaoyatunza makabati hayo kama urithi, na shida yao ni ile ile ya kijana wetu: vumbi la miaka mingi, na umeme uliojificha ndani.

Kwetu sababu ni nyepesi zaidi. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na waya wake wa vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu, unaingia moja kwa moja kwenye televisheni ya wakati wake. Televisheni bapa ya bei ndogo ikianguka kwenye benchi imekwisha. Ya mgongo inavumilia. Na ya mtumba inapatikana kwa bei ambayo mtu aliyepoteza shamba anaweza kuilipa kidogokidogo. Viwanda vikubwa vimeacha kuzitengeneza. Kila moja inayovunjika kwa uzembe haina mbadala wake mpya dukani. Kwa hiyo kuzitunza kuna maana, mradi mtunzaji abaki mzima.

*

Sasa nasahihisha. Yafuatayo yanachukua nafasi ya yale niliyosema Jumamosi ile.

Nyumbani: mgongo haufunguliwi. Hata kama umechomoa waya, hata kama imekaa wiki nzima. Kazi ya nyumbani ni ya nje tu. Zima, chomoa waya ukutani, na chomoa pia waya za PlayStation na za antena. Acha ipoe. Pangusa mwili wake kwa kitambaa kikavu na laini. Matundu ya hewa yapigwe brashi kavu kutoka nje. Usiingize kijiti, wala waya, wala sindano. Uso wa kioo upanguswe kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa sawasawa, kisha kingine kikavu. Maji yawekwe kwenye kitambaa. Usimwage wala kupuliza kitu chochote juu ya televisheni, maana matone yanateremka hadi ndani. Petroli na mafuta ya taa hapana kabisa: cheche moja inatosha kuwasha nyumba.

Mahali pa kuiweka. Iinue kutoka sakafuni, juu ya meza au ya mbao na matofali, mbali na jiko la makaa na mbali na mahali paa linapovuja. Mgongo wake uachiwe nafasi ya kupumua, na usifunikwe kitambaa wakati inafanya kazi. Nawasemea hasa wanaoishi chini ya turubai: sakafu ya udongo yenye unyevu na miguu mitupu vinaufanya umeme ukupende. Wachezaji wakae kwenye benchi, miguu juu ya ubao mkavu. Radi ikianza, chomoa kila kitu. Na ikinyeshewa, isiwashwe "kujaribu". Ipelekwe kwa fundi.

Dalili za kumwita fundi. Mlio wa kukaanga, cheche za buluu zinazoonekana kupitia matundu, harufu kali kama ya hewa baada ya radi, au picha inayovimba na kunywea. Ukiona moja ya hizo, zima, usingoje mechi iishe.

Mtu akinaswa na umeme wa ukutani, usimshike. Kata umeme kwanza, kwenye swichi kuu au jenereta. Kama haiwezekani, msukume kwa mti mkavu huku umesimama juu ya kitu kikavu. Kisha mpelekeni kituo cha afya, hata akisema amepona.

Mzee alinikubalia nikae karakana nzima ya asubuhi nimtazame akisafisha moja. Nawasimulia alichofanya ili mjue kumtambua fundi wa kweli. Si mafunzo ya kwenda kujaribu.

Kwanza alifukuza watoto wote, na mimi akaniweka mlangoni. Alivua saa na pete. Viatu vyake vilikuwa vya soli ya mpira, na chini alikuwa ameweka ubao mkavu. Kifuniko cha nyuma alikivuta taratibu, moja kwa moja, kwa sababu kikigonga shingo ya chupa kazi imekwisha.

Kisha akaweka mkono wa kushoto mgongoni, kama askari anayesimama kwa heshima, na kwa muda wote wa kazi ya hatari hakuutoa. Mkono mmoja ndani, mmoja nje: umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Alichukua bisibisi, ile turnevisi bapa na ndefu, yenye mpini mzima usio na ufa. Alikuwa na waya wenye vibanio pande zote mbili. Kibanio kimoja alikibana kwanza kwenye waya uchi uliosukwa, ule unaokumbatia rangi nyeusi ya nje ya chupa. Cha pili akakibana kwenye chuma cha bisibisi. Ndipo akaisukuma ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira hadi ikagusa chuma cha ndani. Nilisikia *tak*, ndogo, kama mtu aliyevunja kijiti. Nikamwambia basi imekwisha. Akanijibu, "Ngoja." Tulikaa dakika kadhaa. Akarudia, na *tak* nyingine ikatoka, dhaifu zaidi. Alieleza kwamba kioo huficha sehemu ya umeme na kuutoa baadaye, na aliyemwaga mara moja akaamini amemaliza ndiye anayeumia akiwa na furaha.

Kwa ile kondensata nene hakutumia bisibisi. Aliipima kwa mita, akaimwaga kupitia ampuli ya zamani ya volti 220 yenye waya mbili, akapima tena. Mkono wake haukuingia mpaka mita iliposema hakuna kitu.

Baada ya hapo kazi ya vumbi ilikuwa ya utulivu kabisa. Alijifunga kitambaa puani, akasogeza televisheni karibu na mlango, akapiga vumbi kwa brashi laini ya rangi na kulipuliza kwa pampu ya baiskeli aliyoazima kwa dereva wa toleka. Chini ya kofia ya mpira alipangusa kwa kitambaa na alkoli ya famasi ya asilimia 90, kioo na mpira vyote, hadi kitambaa kikatoka cheupe. Akaacha ikauke kabisa kabla ya kurudisha kofia. Hakugusa pete zilizo shingoni, maana hizo ndizo zinazopanga rangi, na ukizisogeza kidogo tu picha inapotoka. Hakuisugua ile rangi nyeusi ya nje, kwa sababu si uchafu.

Ilipowashwa, haikulia. Bei yake haikufika hata nusu ya ile aliyolipa kijana kwa televisheni yake.

Jambo la mwisho ni kuhusu iliyokufa. Nimewaona watoto wakivunja chupa hizi kwa mawe ili wapate nyaya za shaba zilizoko shingoni. Wazazi, kioo hicho kina risasi ndani yake, hasa sehemu ya nyuma na ya shingo, na uso wake kwa ndani una unga wa kung'arisha picha. Vumbi lake si la kuvutwa puani, na vipande vyake si vya kutupwa shambani au mtoni. Risasi hudhuru akili ya mtoto polepole, bila kelele. Iliyokufa ifungwe kifuniko chake, ikae nzima mahali ambapo watoto hawafiki, au apewe fundi. Mzee huyu anazichukua bila kudai kitu, kwa ajili ya vipuri.

*

Kabla ya kusoma masahihisho hewani, nilikwenda kumsomea mama yule na watoto wake. Ilionekana ni haki wao wasikie kwanza. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Chumba chake bado hakijafunguliwa. PlayStation yake ameikodisha kwa kijana mwingine wa mtaa wa pili, wanagawana mapato, na bega linaendelea vizuri. Nimechangia sehemu ya bei ya televisheni nyingine. Hiyo si sadaka, ni deni, na halijaisha.

Nilipofika mwisho mama aliniuliza, "Umeweka pale kwamba mtoto asisimame karibu?"

Nilitazama karatasi. Kwa fundi nilikuwa nimeiweka. Katika sehemu ya nyumbani sikuwa nimeiweka. Nimeiandika palepale mbele yake, na sasa naiandika hapa: watoto wakae mbali na televisheni inayosafishwa, hata ikisafishwa kwa nje tu.

Jumamosi iliyofuata nilisoma yote, kwa Kiswahili kisha kwa Kilingala. Nilisema pia kwamba jibu la kwanza lilikuwa langu na lilikuwa baya. Jioni mama alituma ujumbe kwa simu ya jirani: "Sasa umesema vizuri. Lakini ulisema mara moja, na watu hawakuwa wote nyumbani."

Ana haki. Kwa hiyo tutalirudia kila Jumamosi asubuhi, hadi mvua hizi ziishe. Wewe unayesoma, mwambie jirani ambaye hana redio: kuchomoa waya ni kufunga bomba tu, bidoni za ndani bado zimejaa.

Kutoka Kisangani, ni mimi mwandishi wenu.